Dole Gumba la Mzee Alois

Makambako,
5 Aprili 2020

Baba,

Shikamoo. Kamwene hapo nyumbani. Masikio yanaendeleaje, na kile kifua cha baridi? Umejifukiza majani ya mkaratusi kama nilivyokuagiza, au umeamua ni ushirikina? Mimi ni mzima, ila upepo wa Makambako umezoea chumba changu kuliko wapangaji wenzangu.

Nakuandikia kwa sababu Jumatano nilikupigia simu dakika tisa, na kila nilichouliza ulijibu, "Ndiyo, mvua ipo." Basi turudi kwenye barua. Nitampa kondakta hapa stendi, ataiacha kwa mama Esnath anayeuza dagaa usipa sokoni Njombe, naye atampa yeyote anayepanda misheni. Ukijibu, pitisha njia hiyohiyo.

Asante kwa kumpokea Jackline. Tangu marehemu dada Oliva atuachie huyu mtoto sijakaa mbali naye hata wiki, na sasa shule zimefungwa hatujui mpaka lini. Nisingeweza kumwacha chumbani peke yake, maana waliofungiwa ni wanafunzi tu. Walimu tunakwenda kila siku kujaza fomu. Juzi ilikuwa fomu ya ndoo za maji tiririka. Tumejaza kumi na mbili. Ndoo zipo mbili, moja haina koki, na bomba la shule limekauka tangu Februari. Nilimuuliza Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Shedrack, hizo kumi ziko wapi. Akasema ziko njiani. Sikuuliza tena, nikasaini.

Jambo la heri ni moja. Tumeagizwa tuandike vitini vya kujisomea, kila mtoto apelekewe nyumbani, na kila mwalimu awatembelee watoto wa darasa lake kila baada ya wiki mbili, aone kama mtoto yupo, anasoma, ana afya. Mzazi atasaini. Redio imeshatangaza. Mimi nimepewa Hisabati na Sayansi za darasa la saba, na nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi. Nina watoto arobaini na sita, Jackline wetu akiwa mmoja wao, na mtihani wao wa mwisho ni mwaka huu. Kuna mmoja, Anneth, mama yake Zipora huchoma mahindi stendi. Nikitunga swali gumu namfikiria yeye. Kitini chake nitampelekea kwa mkono wangu.

Msimamie Jackline, asishinde na ng'ombe tu.

Mwanao,
Rebeka


Misheni, Njombe,
19 Aprili 2020

Mwanangu Rebeka,

Marahaba. Barua imefika ikinuka usipa, nimeifurahia hivyohivyo. Kifua kimepoa. Masikio ni yaleyale. Watu wananiona mkali siku hizi kumbe sijawasikia. Kanisani tunakaa mmoja mmoja kwenye benchi, kama watu waliogombana, na Pasaka tumeimba hivyo.

Jackline hajambo. Asubuhi tunasoma, mchana anachunga, jioni tunasoma tena. Mlango wa ghala la mahindi ndio ubao wetu. Sehemu anazijua, uwiano anaukimbia. Kitini chako kikitoka niletee mapema, maana vitabu vyangu ni vya zamani, bado vinapima umbali kwa maili.

Zile ndoo zimenikosesha raha. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa, najua fomu ni nini. Lakini mwanangu, ukizoea kujaza ndoo hewa, kesho utajaza mtoto hewa, na mkono ni uleule. Usikasirike. Mzee asiyesikia husema sana.

Ni mimi baba yako,
Alois


Misheni, Njombe,
17 Mei 2020

Rebeka,

Salamu. Sisi wazima, Jackline ameongezeka mashavu, ng'ombe kazaa. Wewe huu ni mwezi mzima kimya. Ungekuwa mgonjwa tungeambiwa, kwa hiyo naendelea.

Ijumaa nilishuka mjini kutafuta dawa ya kupe, nikapita kwa Esnath kuchukua usipa. Akanifungia kwenye karatasi kama anavyomfungia kila mtu. Kufika nyumbani Jackline akamwaga usipa kwenye ungo, akakunjua karatasi, akaanza kucheka. Nikamuuliza kinachomchekesha, akanionyesha kwa kidole. Chini ya magamba na mafuta ya samaki kumeandikwa hivi: "Mzee Alois ana miparachichi 24. Baridi imeua robo yake, na ng'ombe wake mkaidi amevunja miwili. Imebaki mingapi?"

Mtoto akajibu palepale, kumi na sita. Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Babu, hili si la mama mdogo?"

Jana nimerudi kwa Esnath. Nyuma ya meza yake pana rundo linalonifika kiunoni. Vitini vya darasa la tatu mpaka la saba, vimebanwa pini vizuri, havijawahi kufunguliwa na mkono wa mtoto. Esnath hana kosa. Analetewa karatasi hizo na gari la mizigo kutoka Makambako, zinapimwa kwa kilo kama takataka nyingine, na anazipenda kwa kuwa ni nzito, hazivuji. Nimemwomba kimoja kizima cha darasa la saba, akanipa huku akinicheka. Jackline anakitumia. Ukurasa wa sita unanuka, lakini unasomeka.

Wale usipa sikuwala. Nilijaribu, nikashindwa, nikawapa paka. Nimekula samaki wa Lupingu maisha yangu yote na sijawahi kumwachia paka.

Nina maswali mawili tu. Vitini vilitokaje shuleni? Na nani alisaini kwamba vimewafikia watoto?

Baba yako,
Alois


Makambako,
24 Mei 2020

Baba,

Shikamoo. Hongereni kwa ndama. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hujifanya ana kazi nyingi.

Vitini vilitolewa kopi, vikabanwa, vikaingia stoo. Wiki ya kwanza tukaambiwa tusubiri pikipiki. Wiki ya pili tukaambiwa corona imezidi, mwalimu akizunguka nyumba kwa nyumba yeye ndiye atakayeusambaza ugonjwa. Hilo hata mimi niliona lina akili. Wiki ya tatu, Alhamisi, ikaja simu kutoka kwa wakubwa: fomu za ufuatiliaji zinatakiwa kesho saa nne, na shule ambayo haijawafikia watoto wote ijieleze. Mwalimu Shedrack akafunga mlango wa ofisi, akaweka wino wa muhuri mezani, akasema kila mtu ajaze darasa lake. Mzazi anayejua kuandika, mbunie saini. Asiyejua, dole gumba.

Saini zilituchosha haraka. Baada ya majina matano mimi nikawa naweka dole kwa wote, nikarudi hata kwa wale watano nikawafuta. Dole ni rahisi, na tuliona madole yote yanafanana. Tulikuwa walimu tisa, Baba, na tulicheka. Tulitaniana nani ana dole zuri. Mmoja alisema la mkono likichoka atavua kiatu.

Penye hali ya mtoto niliandika "Ametembelewa. Yuko salama, anasoma." Mara arobaini na sita. Na kila baada ya wiki mbili tunarudia. Niliowaona kwa macho ni sita, wanaokaa mtaa wangu. Kwa Anneth sikwenda. Kila siku nasema kesho.

Vitini kutoka stoo sijui. Ufunguo anao Mwalimu Mkuu. Nilipomwambia habari ya usipa alisema bora vimetumika, panya wangevila.

Usinihukumu haraka. Tumejaza wote tisa. Nikikataa peke yangu nitaonekana mimi ndiye mbaya, nihamishiwe kijiji ambacho hata bodaboda hazifiki, na Jackline atasoma wapi?

Mwanao,
Rebeka


Misheni, Njombe,
7 Juni 2020

Rebeka,

Salamu. Nimekaa na barua yako wiki mbili kwa sababu kila nilipoanza kujibu niliandika maneno ambayo baba hapaswi kumwandikia mtoto. Yale nimeyachoma jikoni. Haya ndiyo yaliyobaki.

Ulikuwa hujazaliwa tulipoanza kisomo cha watu wazima hapa misheni. Tulifundisha jioni watu wakitoka shamba, wazee kwa vijana, udongo bado miguuni. Alikuwepo jirani yetu Kornelio, yule aliyekuwa akikupa miwa. Kornelio aliwahi kuletewa karatasi na ndugu yake, akaambiwa ni ya mchango wa kanisa, akaweka dole. Kumbe dole lile liliuza kinyungu chake, bustani yote ya bondeni aliyoachiwa na mama yake. Akaenda barazani kulalamika, wakamwonyesha dole, wakamuuliza, "Hili si lako?" Lilikuwa lake. Atasema nini?

Alikuja darasani akiwa na miaka hamsini. Ilimchukua miezi mitano kuandika KORNELIO, na siku alipoweza, aliliandika kwenye mpini wa jembe, kwenye mlango wa zizi, kwenye kigoda. Mama yako Fidelia alimcheka mpaka akakaa chini, kisha yeye mwenyewe akaja darasani wiki iliyofuata. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, Rebeka. Si hesabu wala jiografia. Niliwatoa watu kwenye dole. Na wewe, ambaye karo yako ilitoka kwenye kazi hiyo, umekaa mezani unacheka, unawarudisha kwenye wino wazazi arobaini na sita, pamoja na wanaojua kusoma kuliko huyo Shedrack.

Unasema mmejaza wote tisa. Hata inzi kwenye uozo hawaji mmoja.

Tena nakuuliza. Mlezi wa Jackline kwenye rejesta yako ni mimi. Mimi ulinijaza nini?

Baba yako,
Alois


Makambako,
4 Julai 2020

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na baridi hii ya Julai haijakulaza. Jackline amekosa wiki ya kwanza. Nilimngoja stendi Jumapili mpaka basi la mwisho.

Shule zimefunguliwa Jumatatu tarehe 29. Wamekuja arobaini na watatu. Jackline yuko kwako. Mmoja yuko kwa bibi yake Mdandu, atarudi. Wa tatu ni Anneth.

Jumanne mama yake, Zipora, alikuja ofisini. Nilikuwa kwenye benchi, nasubiri chaki. Kumbe mwisho wa Aprili stendi ilipokosa abiria, alimpeleka Anneth kwa kaka yake Hosea, huko Iwawa, akasaidie viazi na apate kula. Mwisho wa Mei huyo Hosea akatuma neno kwamba mtoto ametoroka, amerudi kwa mama yake. Hajarudi. Zipora akaenda polisi. Wakamwambia alete karatasi ya shule inayoonyesha mtoto alionekana lini mara ya mwisho.

Mwalimu Shedrack akavuta faili, akamsomea. "Anneth. Ametembelewa nyumbani mara nne. Mara ya mwisho tarehe 19 Juni. Yuko salama, anasoma. Na mzazi umeweka dole."

Zipora akasema, "Mwalimu, mimi sijaweka dole popote. Mtoto alikuwa Iwawa."

"Hili hapa, mama."

"Si langu. La kwangu lina kovu la panga. Litazame."

Akanyoosha dole lake juu ya meza. Kovu limelikata katikati kama mfereji. Mwalimu Shedrack hakulitazama. Akasema, "Wino ukizidi kovu halionekani." Akampigia muhuri nakala ya fomu, akampa apeleke polisi.

Unaelewa, Baba? Karatasi inasema mtoto alikuwa Makambako tarehe 19 Juni. Kwa hiyo Hosea alisema kweli, mtoto alirudi, na mama ndiye mwongo. Hosea haulizwi kitu. Zipora alikwenda kuomba msaada, ametoka akiwa mshukiwa. Mimi nilikaa palepale kwenye benchi, dole langu nimelifumbata ndani ya ngumi, na alipopita mlangoni aliniamkia, "Habari za kazi, mwalimu." Nikamjibu nzuri.

Umeniuliza nilikujaza nini. Mstari wa kumi na tisa, mlezi wa Jackline: Alois. Dole. Sikufikiri. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Mtoto wako,
Rebeka


Misheni, Njombe,
8 Julai 2020

Rebeka,

Salamu zako nimepokea. Zangu utazipata siku nyingine.

Niliisoma barua yako nikatoka nje nikatema mate. Hilo dole la kwangu nilidhani ndilo litaniuma zaidi, na kwa kweli niliumia, lakini nilipofika kwa huyo mama anayekuamkia mlangoni nikasahau kama nina dole.

Jackline harudi kwako. Najua mtihani ni Oktoba, najua jina lake liko kwenye shule yako, na najua ninamwumiza. Analia, anasema wenzake wamemtangulia. Lakini siwezi kumkabidhi mtoto wa marehemu Oliva kwa mtu anayeweza kuandika "yuko salama" bila kumtazama. Siku utakapokwenda kwa mkuu wa kituo cha polisi ukasema dole ni lako, nitamleta. Unajua njia. Ni mwendo mfupi kuliko wa kwenda stendi kuniletea barua.

Kila siku unayokaa, huyo binti anatafutwa mahali ambapo hayupo.

Alois


Makambako,
19 Julai 2020

Baba,

Shikamoo. Hamjambo? Mimi niko hivyohivyo.

Tafadhali nielewe. Nilimwendea Mwalimu Shedrack, nikamwambia tufute ile fomu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba nikisema, si yeye nitakayemwangusha, ni wenzangu wanane wenye watoto na wazazi kama mimi. Akasema pia kwamba Anneth ni msichana mkubwa, huenda ametafuta maisha, na polisi wana njia zao. Nimefikiri nimwandikie mkuu wa kituo barua isiyo na jina. Au nimtafute huyo Hosea mwenyewe kwa simu, nimwombe. Au tusubiri wiki moja, wanasema kuna wakaguzi wanakuja, wakiuliza nitajibu. Nani ajuaye, pengine mtoto atatokea tu. Subira huvuta heri.

Jackline naomba aje, hana kosa.

Mwanao,
Rebeka


Misheni, Njombe,
22 Julai 2020

Rebeka,

Barua yako ya tarehe 19 nimeisoma hapahapa sokoni, nimesimama. Nimempa Esnath afungie usipa.

Alois


Makambako,
9 Agosti 2020

Baba,

Shikamoo. Sijui kama hii utaifungua, lakini naomba uisome kabla ya Esnath.

Ujumbe wako ulinifikia Ijumaa tarehe 24. Jumatatu tarehe 27 asubuhi nilikwenda stendi, nikamkuta Zipora anapepea mkaa. Nikamwambia, "Mama Anneth, lile dole ni langu." Aliendelea kupepea. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akasema, "Nimekusikia. Ngoja nizime moto, twende."

Kituoni askari aliniuliza nina ushahidi gani kwamba dole ni langu, maana watu siku hizi wanajichongea kwa sababu zao. Nikamwambia alete wino. Nikaweka dole kwenye karatasi nyeupe, akalilaza pembeni ya fomu. Akatazama mstari wa Zipora. Akatazama wa chini yake. Akaenda mpaka mwisho wa ukurasa, akageuza, akaenda tena. Akasema taratibu, "Wazazi arobaini na sita, dole moja." Mwenzake akacheka, akasimama kuja kuona. Nilitamani ardhi, lakini ardhi haimmezi mtu kwa kutamani.

Wakaagiza Hosea aulizwe huko Iwawa. Jioni ileile alisema. Mtoto hakutoroka. Alimtoa kwa wapasua mbao wa porini awe anawapikia, tangu katikati ya Mei, akaona aibu kumwambia dada yake. Siku mbili baadaye wakamleta Anneth. Watu kumi na mmoja alikuwa akiwapikia, mtoto wa miaka kumi na tatu. Mkono wa kushoto umeungua kwa maji ya ugali na kidonda walikifunga kwa tambara la gunia. Amekohoa hapa wiki nzima. Daktari anasema mkono utapona, vidole viwili huenda visikunjuke vizuri. Kama ningekwenda tarehe 30 Juni, siku ile ya benchi, angetoka huko mwezi mmoja mapema. Askari ameniambia hilo bila hasira yoyote, na ndivyo lilivyoniuma.

Mwalimu Shedrack bado yuko kwenye kiti. Ameandika kwamba madole lilikuwa wazo langu peke yangu. Wenzangu wanane wamesaini kuunga mkono, safari hii kwa saini zao halisi. Nimenyang'anywa darasa, nimepewa barua ya kujieleza, na uhamisho unakuja. Juzi ofisini walikuwa wanajaza fomu ya ndoo. Nimewasikia wakisema kumi na nne. Wino wa muhuri ukifunguliwa siku hizi natoka nje.

Lakini haya siyo niliyotaka kukuandikia. Ijumaa Anneth aliletwa shuleni na mama yake, kuandikishwa upya kwa ajili ya mtihani. Ile fomu ya ufuatiliaji ilikuwa wazi mezani. Unajua watoto wanaopenda kusoma, hata karatasi iliyogeuzwa wanaisoma. Akaisoma. Akaniuliza kwa adabu, kama anavyouliza darasani, "Mwalimu, hapa imeandikwa umenikuta nyumbani mara nne. Ulinikuta wapi?"

Akasema, "Maana mimi nilikungoja. Mama alitaka twende kwa mjomba mapema, nikamwambia tusubiri kidogo, redio imesema mwalimu atapita na vitini. Nilikaa mlangoni wiki mbili."

Baba, wiki mbili zile kitini chake kilikuwa stoo, hatua arobaini kutoka nilipokaa.

Zipora hataki pole zangu. Ametaka kitu kimoja, nimfundishe kuandika jina lake, mtu asimwekee tena dole. Nakwenda stendi kila siku saa tisa, mabasi yakipungua. Ile Z anaigeuza nyuma, nikimrekebisha ananitazama kwa jicho ambalo nimelistahili. Hata hivyo ananyoosha mkono, anaandika tena.

Sikuombi Jackline. Nimekueleza tu.

Rebeka Alois


Misheni, Njombe,
13 Agosti 2020

Mwanangu Rebeka,

Marahaba. Kamwene. Mimi mzima, ndama mzima, masikio hayafai. Baridi imeunguza viazi vya kondeni, vya bondeni vimepona.

Barua yako Esnath hakuipata. Nimeisoma mara mbili, nikampa Jackline aisome, kwa kuwa Anneth ni rafiki yake. Tulikaa hapo mpaka ng'ombe wakatukumbusha kukamua.

Sitakudanganya kwamba nimepoa. Huyo Shedrack nikimfikiria chakula hakipiti, na wale wanane nao vilevile, na wewe pia siku nyingine, ukweli ndio huo. Ulichelewa. Vidole vya mtoto wa watu havitajua kwamba mwishowe ulisema. Lakini ulisema, tena ukiwa umesimama na mama yake. Kornelio alikuwa akiigeuza N nyuma, na sikumwona akiinyoosha mpaka mwezi wa tatu. Usichoke.

Jumapili Jackline anateremka na basi la asubuhi. Nilisema nitamleta, lakini miguu imekataa, atakuwa na kondakta. Umpangie safari yake ya shule hadi Oktoba, hata kama wewe watakuhamisha. Amebeba kile kitini cha kwa Esnath. Majibu yake ameyaandika kwa penseli, na wiki hii nzima amekuwa akiyafuta, ukurasa kwa ukurasa, ili mwenzake aanze upya. Ile harufu ya usipa haikufutika. Ni cha Anneth. Uliahidi mwezi wa Aprili kumpelekea kwa mkono wako, basi mpelekee.

Ndani ya daftari lake nimeweka karatasi moja, nimeiandika mwenyewe. Inasema: "Jackline amefika." Chini nimesaini jina langu lote, uone lilivyo, na chini yake nimeacha nafasi ya lako. Umpe kondakta airudishe.

Mtazame kwanza mtoto, ndipo usaini.

Baba yako,
Alois